Je, wajua kwa nini nyangumi hupiga mkia juu na chini, si kushoto na kulia?

Ukibahatika kupanda boti kwenda kuangalia pomboo kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, usiishie kutazama pezi la mgongoni. Msubiri apige mbizi, umwangalie mkia. Umelala bapa, na huupiga juu na chini. Kisha pita soko la samaki umtazame papa. Mkia wake umesimama wima, na akiwa hai huupeleka kushoto na kulia. Jodari ni hivyo hivyo, changu pia. Pomboo na nyangumi ndio walio tofauti, na sababu yake ilianzia nchi kavu.

Samaki husonga mbele kwa kupinda mwili ubavu kwa ubavu. Mjusi akikimbia ukutani hupinda vivyo hivyo, na mamba akiogelea, mkia wake hukata maji kulia na kushoto. Mamalia walishika njia nyingine. Miguu yao ilikaa chini ya mwili, na uti wa mgongo ukazoea kupinda juu na chini wanapokwenda mbio. Mwangalie duma anapomfukuza swala: mgongo hujikunja mpaka miguu ya nyuma ikaipita ya mbele, kisha hunyooka na kumrusha. Nyangumi anapopiga mkia, mgongo wake unafanya kazi ile ile, ila miguu ya kukanyagia hana tena.

Alikuwa nayo. Mwaka 1981 mtaalamu wa visukuku Philip Gingerich na mwenzake walitangaza fuvu lililopatikana Pakistani, la mnyama waliyemwita Pakicetus, aliyeishi kama miaka milioni 50 iliyopita. Mifupa mingine iliyopatikana baadaye ilionyesha mnyama wa miguu minne, wa kutembea nchi kavu, ambaye ungemwona ungedhani ni wa jamii ya mbwa. Lakini mfupa wa sikio lake una uvimbe mnene ambao, kwa wanyama walio hai leo, unao nyangumi na pomboo tu.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote ni wa kifundo cha mguu. Fungua kifundo cha mguu wa nyuma wa mbuzi aliyechinjwa, utakuta kijifupa chenye mfereji juu na mfereji chini, kama roda ya jahazi ncha zote mbili. Mfupa wa namna hiyo ni wa wanyama wenye kwato zilizogawanyika: mbuzi, ng'ombe, nguruwe, swala, kiboko. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba wameukuta katika miguu ya nyangumi wa kale kutoka Pakistani. Uchunguzi wa vinasaba ulikuwa umekwisha kusema jambo hilo hilo: katika wanyama walio hai, ndugu wa karibu zaidi wa nyangumi ni kiboko.

Miguu hiyo ilipotelea wapi? Jibu limelala jangwani Misri, katika mkoa wa Fayum, mahali paitwapo Wadi al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi. Zamani palikuwa chini ya bahari. Leo ni mchanga na miamba, na mifupa ya mamia ya nyangumi imejitokeza juu ya ardhi. UNESCO ililiingiza bonde hilo katika Urithi wa Dunia mwaka 2005, na lilistahili. Humo yumo Basilosaurus, mwenye urefu wa zaidi ya mita 15, aliyeishi kama miaka milioni 37 iliyopita. Mwaka 1989 Gingerich na wenzake walimkuta na miguu ya nyuma: goti lipo, kifundo kipo, vidole vipo, lakini mguu mzima ni mfupi kuliko mkono wa mtu mzima. Usingeweza kubeba mwili ule hata kwa hatua moja.

Mwenzake Dorudon, mdogo zaidi, ametuachia habari za mkia. Ile sehemu bapa ya mkia haina mfupa ndani, kwa hiyo huoza. Hata hivyo, kwa nyangumi wa leo, pale sehemu hiyo inapoanzia pana pingili moja iliyoviringana kuliko nyingine, na Dorudon anayo. Mkia wa kupiga juu na chini ulikuwa tayari kazini, miguu ikiwa bado haijatoweka.

Njia hiyo hawakuipita nyangumi peke yao. Nguva wa pwani yetu, ambaye ndugu yake wa nchi kavu ni tembo, alirudi majini kivyake, na mkia wake ni bapa pia. Ikthiosauri, mtambaazi aliyerudi baharini enzi za dainosaria, mkia wake ulisimama wima kama wa papa, kwa kuwa wazee wake walipinda mwili ubavu kwa ubavu.

Sili, mamalia wa baharini ambaye mababu zake ni wa ukoo mmoja na dubu, ndiye anayeleta ubishi: ingawa ni mamalia, huogelea kwa kupeleka miguu ya nyuma kulia na kushoto, wakati simba bahari hupiga maji kwa mikono. Wote wawili mkia wao ni kijikia tu. Lakini Puijila, kisukuku kilichopatikana mwaka 2007 katika kisiwa cha Devon, kaskazini mwa Kanada, chenye umri wa zaidi ya miaka milioni 20, ni ndugu yao wa kale mwenye miguu minne kamili na mkia mrefu, umbo lake likikaribia sana la fisi maji.