Je, wajua kwa nini zoezi la kuwafunza viongozi wanaosimamia maafa halihitaji moshi wala damu ya bandia?

Kwa miaka mingi mimi niliamini kwamba zoezi la maafa kadri linavyotisha ndivyo linavyofundisha. Nimeshuhudia ya uwanja wa ndege mara mbili: bodi bovu la ndege limechomwa moto pembeni ya njia ya kurukia, watu wamepakwa rangi nyekundu usoni wanalia, zima moto wanakuja mbio na ambulansi nyuma yao, na mimi nimesimama pale nasema kumbe hivi ndo viongozi wetu wanavyoandaliwa. Sasa kosa langu lilikuwa hapo kwenye neno viongozi. Anayefunzwa pale ni mshika bomba la maji na mbeba machela. Yule anayeamua hospitali ipi ipigiwe simu, barabara ipi ifungwe, damu itoke wapi, hayupo kwenye moshi, na hata siku ya ajali yenyewe hatakuwepo kwenye moshi. Atakuwa chumbani, ana ramani na simu tatu zinazoita kwa pamoja.

Kwa kifupi tu, mazoezi haya yako ya aina nyingi. Kuna la mezani, watu wanakaa wanajadili tukio la kubuni. Kuna la kwenye kituo cha dharura, simu na redio koli zinafanya kazi kweli ila huko nje hakuna kinachotokea. Halafu kuna hilo kubwa la uwanjani lenye moshi, ambalo kwa viwanja vya ndege vya kimataifa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka lifanyike angalau kila miaka 2, na kati yake yafanyike madogo. Yote yana kazi yake, sisemi moja lifutwe.

Ila hii imani ya kwamba uhalisia maana yake ni kutisha, mimi naona inabidi tuishughulikie vizuri kwa sababu imeshaua. Mwaka 2015 Kenya, Aprili, magaidi walishambulia chuo kikuu cha Garissa wakaua watu 148. Novemba 30 mwaka ule ule chuo kingine cha Nairobi kikafanya zoezi la utayari, milio ya risasi ikasikika, wanafunzi na wafanyakazi wengi hawakujua kama ni zoezi, wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na wengine wengi waliumia. Hofu ilikuwa halisi kabisa, asilimia mia, na bado ukiuliza waliokuwa wanatakiwa kuongoza siku ile walifunzwa kitu gani kuhusu kuongoza, jibu ni gumu kulipata. Mtu mwenye hofu ya kufa hajifunzi kupanga, anajifunza kukimbia, na kukimbia alikuwa anakujua tangu azaliwe.

Kwahiyo uhalisia upo, ila uko sehemu nyingine. Kwa msimamizi wa maafa kinachotakiwa kufanana na maisha ni habari zinavyomfikia.

Fikiria unasikiliza mpira redioni, Simba na Yanga, lakini umefungua redio nne kwa mpigo. Ya kwanza iko sawa na uwanja. Ya pili imechelewa dakika mbili. Ya tatu mtangazaji amekaa upande ambao haoni goli la mbali, anabahatisha. Ya nne inatangaza mechi ya mwaka jana na hawajakwambia. Umeshapata picha? Halafu kuna watu nje wanakugongea mlango wanataka uwaambie matokeo sasa hivi, na ukikosea wanakuja kukudai. Huyo ndo mkuu wa wilaya usiku wa mafuriko. Uwanja hauoni, anausikia tu, tena anausikia kwa sauti zinazopingana, na lazima aamue kabla hazijakubaliana maana zikikubaliana maji yameshafika kitandani.

Sasa watengeneza mazoezi wanachofanya ni kuzijenga hizo redio nne makusudi. Vyumba viwili. Chumba kimoja wanakaa wanaofunzwa, cha pili wanakaa waendeshaji wenye orodha ndefu ya meseji, kila meseji na dakika yake, wao ndo wanaigiza dunia yote ya nje: polisi, mtendaji wa kata, mganga mkuu, mwandishi wa habari, mama anayelia kwenye simu. Niliwahi kuitwa kuandika kumbukumbu kwenye zoezi la namna hiyo, la mafuriko, sehemu siitaji. Saa 3:10 mtendaji anapiga anasema daraja limekatika. Saa 3:14 polisi wanasema tuko darajani na magari yanapita. Saa 3:20 inaingia picha ya WhatsApp daraja limekatika kweli. Chumba kikagawanyika, wengine wanasema mtendaji ana wasiwasi tu, wengine wanataka barabara ifungwe, dakika kumi na tano zikaliwa hapo. Kumbe kwenye orodha ya waendeshaji yalikuwa madaraja mawili ambayo wenyeji wanayaita kwa jina moja, na ile picha ilikuwa ya msimu uliopita. Hakuna aliyemuuliza mtendaji umesimama wapi, umeliona mwenyewe au umeambiwa.

Na kuna meseji moja waendeshaji walikuwa nayo muda wote hawakuituma, kwamba shule ya bweni upande wa pili ina watoto na haina umeme. Iliandikwa itolewe pale tu mtu akipiga simu kuuliza. Hakupiga mtu. Mimi naona huo ndo uhalisia wenyewe, yaani ule ukimya, kwa sababu kwenye maafa sehemu iliyoumia zaidi mara nyingi ndo isiyopiga simu, mnara umeanguka au chaji imeisha. Hakuna moshi wa bandia unaoweza kukufundisha kuutilia shaka ukimya. Siku ile hakuna aliyepakwa rangi nyekundu, na nilimwona mtu mzima mwenye cheo chake anafuta jasho shingoni kwa kitambaa saa nne asubuhi, feni inazunguka.

Mfano mkubwa ninaoujua uko Marekani, jimbo la Louisiana. Julai 2004 huko Baton Rouge walikaa siku 5 na kimbunga cha kubuni walichokiita Pam, cha daraja la 3, kinapiga New Orleans, maji yanaruka kuta za kinga, zaidi ya watu 60,000 wanakufa kwenye hesabu zao. Mwaka mmoja na mwezi baadaye, Agosti 29, 2005, kikaja Katrina. Ukisoma Pam unashangaa walivyokaribia, mji kuzama, watu wapatao 100,000 wasio na usafiri wa kuondokea. Lakini Pam ilikuwa kikao cha kuandika mipango, madhara yameshakokotolewa, wote wanaangalia ramani moja. Katrina haikuja na ramani moja. Jioni ya siku ile ile afisa mmoja wa FEMA, shirika lao la maafa, alipanda helikopta akaona kwa macho yake ukuta wa mfereji umebomoka, na karibu muda huo huo, kama saa 12 jioni, kituo cha serikali kuu Washington kinatoa ripoti kwamba kwa taarifa za awali kuta hazijabomoka. Redio ya kwanza na redio ya nne hizo. Siku tatu baadaye waziri wa usalama wa ndani anahojiwa redioni anasema hajapata taarifa za maelfu ya watu waliokwama ukumbi wa mikutano wa mji bila chakula, wakati kwenye televisheni walikuwa wanaonekana. Sio kwamba zoezi tofauti lingeokoa yote, kulikuwa na sababu nyingi, mojawapo ni kwamba vikao vya kuendeleza Pam viliahirishwa kwa kukosa hela.

Upande wa mafanikio wengi wanataja Sioux City, Iowa. Mwaka 1987 walifanya zoezi la ndege kubwa kuanguka, ndege ya aina ambayo haikuwa hata na safari za kawaida uwanjani kwao, wakagundua mpango wao unaita watu wachache mno, wakauongeza uingize miji jirani. Julai 19, 1989 ikaja ndege kubwa aina ya DC-10 ya shirika la United iliyopoteza mifumo ya kuiongoza, ina watu 296, ikaanguka palepale. Walipona 184. Ila tuwe wakweli, bahati nayo ilikuwepo: ilikuwa mchana, hospitali zilikuwa zinabadilishana zamu kwahiyo madaktari wa zamu mbili walikuwepo pamoja, na askari 285 wa kikosi cha anga cha jimbo walikuwa kazini siku hiyo. Kutenganisha zoezi limeokoa wangapi na bahati imeokoa wangapi, haiwezekani, maafa hayarudiwi mara mbili ili tulinganishe.

Kwetu huku limeshafanyika zuri pia. Juni 2019 Kenya na Tanzania walifanya zoezi la siku 4 mpakani Namanga, ugonjwa wa kubuni ukiwa homa ya Bonde la Ufa, ambayo inaanzia kwa mifugo ndipo inaingia kwa watu. Chaguo zuri sana hilo, kwa sababu daktari wa mifugo na daktari wa binadamu ni redio mbili tofauti, na mpaka wa nchi mbili unazifanya nne.

Na hili la mwisho mimi hadi leo likinijia nasisimka. New York walikuwa wamepanga zoezi la kugawa dawa mji mzima kama umeshambuliwa kwa vijidudu, tarehe Septemba 12, 2001, kwenye jengo la gatini linaloitwa Pier 92. Septemba 11 kituo chao cha dharura, kilichokuwa ndani ya jengo namba 7 la World Trade Center, kikaporomoka. Walihitaji ukumbi mkubwa wa kuongozea kila kitu upya, wakahamia Pier 92, na ndani ya siku chache mji ukawa unaendeshwa kutokea hapo. Zoezi lenyewe walikuja kulifanya Mei 2002.