Kapeti ya gari ikilowa, si kila mara ni maji ya AC

Kapeti ya upande wa abiria ikilowa, utaambiwa, "Hayo maji ya AC tu, yatakauka." Huenda. Ila gusa kwa kidole, unuse. Maji ya AC hayana rangi. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inateleza, inanukia utamuutamu, na kioo cha mbele huingia ukungu wenye utando. Usiionje, ni sumu. Hapo imetoboka rejeta ndogo ya hita, iliyojificha nyuma ya dashibodi. Kwenye magari mengi ya zamani, kuibadilisha ni kufumua dashibodi nzima. Ndiyo maana mafundi wengine huunganisha tu mipira yake miwili upande wa injini, maji yasipite humo tena. Kwa joto la Dar sioni ubaya. Ila kwenye baridi ya Njombe mwezi wa Julai, bila hita, utamkumbuka fundi wako.