Msimbaji wa Matibabu Anapotakiwa Kuandika Kisichokuwepo

Mgonjwa akishatibiwa, maelezo ya daktari hayafiki kwa bima kama yalivyoandikwa. Hupitia kwanza kwa msimbaji, mtaalamu anayeyasoma na kuyageuza kuwa misimbo: herufi na tarakimu zinazotaja ugonjwa uliobainika na huduma iliyotolewa. Misimbo ya magonjwa hutoka katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani. Toleo la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, lakini la 10 bado linatumika katika nchi nyingi. Katika toleo hilo la 10, J18.9 ni nimonia ambayo kisababishi chake hakikutajwa, na A41.9 ni sepsisi, pale mwili mzima unapoathirika kwa maambukizi. Malipo ya sepsisi kwa kawaida ni makubwa zaidi, na hapo ndipo shinikizo huanzia.

Shinikizo hilo mara nyingi huja kwa upole. Msimamizi anasema mapato yameshuka, hebu pitia tena mafaili haya. Daktari anayeheshimika anaomba ziara fupi isimbwe kama uchunguzi mrefu. Mahali pengine huduma moja huvunjwa vipande: kushona mkato, ambako ni sehemu ya upasuaji wenyewe, kunadaiwa peke yake kana kwamba ni kazi nyingine. Baya kuliko yote ni kudai huduma ambayo haikutolewa kabisa.

Wapo wanaojitetea kwamba anayeumia ni kampuni ya bima tu, nayo ina fedha nyingi. Utetezi huu naupinga kwa nguvu zote. Msimbo haupotei baada ya malipo. Unabaki katika kumbukumbu za mgonjwa. Mtu aliyeandikiwa E11, yaani kisukari cha aina ya pili, bila kuwa nacho, anaweza kutozwa zaidi au kukataliwa anapoomba bima ya maisha. Daktari mwingine atakayefungua faili lake siku ya dharura atafanya uamuzi kwa kuamini ugonjwa ambao haupo. Na kwa kuwa takwimu za magonjwa nazo hujengwa kwa misimbo hiyo hiyo, wanaopanga bajeti ya afya watapeleka dawa na wataalamu pasipohitajika. Mgonjwa mwenyewe hana habari, maana misimbo hiyo haielewi.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa msimbaji ni kwa kumbukumbu: kisichoandikwa na mtabibu hakisimbwi. Hata kupunguza makusudi, kwa mfano kuacha ugonjwa ulioandikwa ili dai lipite bila maswali, ni kupotosha vilevile.

Maelezo yakiwa hayajitoshelezi, msimbaji anamuuliza daktari, na namna ya kuuliza ina uzito mkubwa. "Je, tuandike sepsisi?" ni swali linalomlisha daktari jibu, hasa likitoka kwa mtu anayejua malipo yatapanda. Swali la haki linaorodhesha yaliyomo kwenye faili: joto la mwili, mapigo ya moyo, majibu ya damu, dawa zilizotolewa. Kisha linamwomba daktari aeleze, kwa utaalamu wake, hali ya mgonjwa ilikuwa ipi, likimwachia pia nafasi ya kujibu kwamba haiwezi kubainika. Lisitaje fedha hata kidogo. Nyongeza yoyote atakayoandika daktari ibebe tarehe ya siku iliyoandikwa. Kuirudisha nyuma ionekane ya siku ya matibabu ni kughushi.

Si kila kosa ni udanganyifu. Faili moja lililosimbwa vibaya linasahihishwa, na kilicholipwa zaidi kinarudishwa. Kinachotia shaka ni kosa linalojirudia na kila mara likaongeza mapato. Hapo msimbaji aripoti kwa maandishi kwa anayehusika na uzingatiaji wa kanuni, akitaja anachokiona na mwongozo unaovunjwa. Ahifadhi kumbukumbu za taarifa zake, ila asibebe nyaraka za wagonjwa kwenda nazo nyumbani wala asizirushe kwenye simu yake, maana siri ya mgonjwa haifutwi na nia njema. Taasisi ikikaa kimya, au mkosaji akiwa ndiye mkuu wake, atafute ushauri wa mwanasheria kisha aende kwa mamlaka husika.

"Niliamriwa" si kinga ya uhakika. Marekani ina sheria ya madai ya uongo dhidi ya serikali tangu 1863, na chini yake mtu anayefumba macho makusudi asione ukweli huhesabiwa kuwa alijua. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu binafsi kufungua kesi kwa niaba ya serikali, na kesi ikifanikiwa kwa kawaida hupata kati ya asilimia 15 na 30 ya fedha zinazorejeshwa. Pia inamlinda mfanyakazi dhidi ya kulipiziwa kisasi kazini. Pasipo na ulinzi wa aina hiyo mzigo ni mzito zaidi, na sioni haki kumtupia msimbaji mmoja mzigo wote huo.

Viongozi wa hospitali wana sehemu yao. Msimbaji asilipwe bonasi kwa kiasi alichoongeza katika mapato. Apimwe kwa usahihi. Ukaguzi utafute misimbo iliyopunguzwa kwa bidii ile ile ya kutafuta iliyopandishwa, na ufanywe na mtu asiye chini ya idara ya fedha. Na msimbaji anapokataa kuandika kisichokuwepo, kukataa kwake kusiandikwe popote kama utovu wa nidhamu.