Ikigoma njiani, ikifika kwa fundi inawaka

"Shikamoo fundi. Hii pikipiki imenimaliza."

Alikuwa kijana wa kijiwe cha Msamvu hapa Morogoro, anaisukuma juani, jasho linamtiririka. Kwenye keria amefunga kiroba. Alipokifungua nikaona plagi mbili, CDI (kile kisanduku cha umeme kinachoachia moto wa plagi), koili ya plagi na kabureta nzima. Mafundi watatu walikuwa wamevitoa mmoja baada ya mwingine ndani ya mwezi na nusu na kufunga vipya, na bado chombo kinagoma. Nikapanda, nikapiga kiki moja. Ikawaka.

Akashika kichwa. "Umeona? Ndiyo mchezo wake huo. Njiani inaniaibisha, ikifika gereji inajifanya nzima."

Sikufungua boliti hata moja siku hiyo. Hitilafu inayokuja na kuondoka huwezi kuipima wakati haipo. Ukipima utakuta kila kitu kizima, halafu kwa kuwa mteja amesimama pembeni na hesabu ya bosi inamsubiri jioni, utabahatisha spea. Ndivyo kiroba kile kilivyojaa. Siwalaumu sana wenzangu, nami nimewahi kubahatisha, na nilirudisha hela ya mtu.

Nikamkalisha kwenye benchi, nikamuuliza inagoma lini. Asubuhi haisumbui. Mjini, safari fupi fupi, haisumbui. Ila akipandisha Mgeta kuchukua kabichi na karoti, baada ya kama nusu saa ya mlima inazima. Akikaa dakika ishirini inawaka, anaendelea. Mvua au kiangazi ni sawa tu.

"Ikitaka kuzima inafanyaje?"

"Ghafla, fundi. Kama mtu kazima funguo."

Hapo masikio yangu yakasimama. Mafuta yakikatika, injini hukohoa kwanza, inavuta na kulegea, ndipo inakufa. Ikizima papo hapo bila dalili, mara nyingi ni umeme. Na ikigoma ikiwa ya moto tu, basi kuna kitu kinachochoka kwa joto.

Nitenganishe jambo moja hapa, maana watu wananiletea magonjwa mawili kwa jina moja. Ukibonyeza selfu ikalia "ta!" tu bila kuzungusha, hiyo ni habari ya betri, relei na waya. Betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, ukibonyeza selfu ikaanguka chini ya 10, ishughulikie hiyo kwanza. Betri ikiwa nzima, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha bonyeza selfu. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa hasi umelegea au umeota kutu. Usafishe, ukaze, umemaliza. Kijana wangu hakuwa na shida hiyo. Kwake, ikizima njiani, kiki huzunguka vizuri, ila injini haishiki.

Nikampa plagi nzima ya akiba na maelekezo. Ikizima tena, asisubiri ipoe. Achomoe kofia ya waya wa plagi, aichomeke kwenye ile ya akiba, chuma cha plagi kiguse injini, kisha apige kiki akiangalia kama kuna cheche. Plagi iliyo kichwani asiifungue. Ukiiacha tundu wazi, mvuke wa petroli unatoka pale pale unaporusha moto. Na waya aushike penye kofia ya mpira, si penye chuma, maana teke la koili ya plagi huwezi kulisahau.

Cheche zikiwepo, aende kwenye mafuta: alegeze skrubu ya chini ya bakuli la kabureta aone kama petroli inamwagika. Isipomwagika, afungue kifuniko cha tanki. Kifuniko kina tundu dogo la kupitisha hewa, na likizibwa na vumbi, tanki linajinyonga lenyewe na mafuta hayashuki. Ukifungua unasikia "fyuu", kisha pikipiki inawaka. Hiyo ndiyo iliyonirudishisha hela: nilisafisha kabureta ya mzee mmoja mara mbili, kumbe ugonjwa uko kwenye kifuniko.

Na kama cheche zipo na mafuta yapo, fikiria valvu. Uwazi wake kwenye injini hizi ndogo ni mdogo mno, kama milimita 0.05 hadi 0.10, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Ukikazwa kupita kiasi, valvu inapopata joto hurefuka, inashindwa kufunga na mgandamizo unapotea. Kiki inakuwa nyepesi kama unakanyaga hewa.

Baada ya siku nne akanipigia akiwa mlimani. "Fundi, hakuna cheche kabisa. Giza." Dakika ishirini baadaye akapiga tena: zimerudi, za buluu.

CDI na koili ya plagi ni mpya zote. Kilichobaki ambacho hakuna aliyekigusa, kwa sababu kimejificha ndani ya kifuniko cha magneti (gurudumu la sumaku linalozunguka na injini), ni pulsa. Ni koili ndogo tu. Magneti inapozunguka, kinundu cha chuma kilicho pembeni yake hupita mbele ya pulsa na kuzalisha umeme kidogo sana. Umeme huo ndio unaoiambia CDI "sasa!", nayo inaachia moto kwenda kwenye plagi. Pulsa ikinyamaza, CDI haina wa kuiamuru, hata ukifunga kumi.

Aliporudi nikachomoa soketi ya pulsa, nikaweka mita kwenye waya zake mbili. Baridi: omu 190. Nzima kabisa, na fundi yeyote angeishia hapo. Nikafungua kifuniko, kisha nikaenda saluni ya jirani kuazima mashine ya kukaushia nywele. Dada wa saluni ameshazoea, ila hupenda kuniuliza leo namsuka nani.

Nikaipulizia pulsa hewa ya moto polepole. Mita ikapanda: 198, 207, 215. Hilo halinitishi. Shaba hupandisha ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo koili nzima nayo hupanda hivyo. 224. Kisha mita ikaruka na kuonyesha hakuna njia kabisa. Waya umekatika. Nikazima mashine, tukasubiri. Baada ya dakika chache namba zikarudi zenyewe, kijana ananiangalia kama nimefanya mazingaombwe.

Waya wa ndani ya pulsa ni mwembamba kama unywele. Umepata ufa mahali fulani, na ukiwa baridi ncha zake mbili zinagusana. Joto la mlima likitanua plastiki inayoushikilia, ncha zinaachana. Ikipoa zinarudi. Kwa kuwa anaisukuma mpaka gereji, kila fundi aliikuta imeshapona.

Nikafunga pulsa nyingine, nikaipulizia nayo kabla sijarudisha kifuniko, mpaka mkono ukachoka. Haikukatika. Ameshapanda Mgeta mara nyingi tangu hapo, na simu anazonipigia sasa ni za matairi.

Kiroba aliniachia kama sehemu ya malipo. Ile CDI ya zamani, ya kwanza kulaumiwa, niliifunga kwenye pikipiki yangu mwenyewe kuijaribu. Bado imo humo, ndiyo ninayoendea kununua spea.