Kasha la kompyuta ya gemu: anza kuangalia uso

Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake akilalamika kuwa gemu inaanza vizuri, ila zikipita kama dakika 20 inaanza kukwamakwama. Alikuwa ameshabadilisha draiva, ameshafuta Windows na kuiweka upya, na sasa alikuwa mbioni kununua kadi nyingine ya michoro. Sikugusa programu hata moja. Nilichomoa uso wa kasha, yaani ubao wake wa mbele, kioo cheusi cha kuvutia kwelikweli, nikauegemeza ukutani, nikamwambia acheze. Nusu saa baadaye kadi iliyokuwa ikifika nyuzijoto 86 ilikuwa imetulia kwenye 74, na gemu haikukwama tena.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kasha gani kwa hela kidogo, siulizi anapenda rangi gani. Nauliza hewa itaingilia wapi.

Hapa hesabu inasaidia. Karibu umeme wote unaoingia kwenye mashine ya gemu huishia kuwa joto. Kadi na prosesa zikila wati 400 kwa pamoja, una wati 400 za joto ndani ya boksi la bati. Ukitaka hewa inayotoka isiizidi ya chumbani kwa zaidi ya nyuzi 10, lazima kama mita 2 za ujazo za hewa zipite ndani ya kasha kila dakika. Feni ya kawaida ya milimita 120, ikizunguka bila kizuizi chochote, husukuma kama mita 1.4 za ujazo kwa dakika. Ifiche nyuma ya kioo chenye mwanya wa upana wa kidole pembeni, uone kiasi hicho kinavyoporomoka. Feni 2 zinazovuta hewa kupitia wavu ulio wazi zinaweza kuzishinda 4 zinazowaka rangi zote nyuma ya kioo. Na hata ufanye nini, feni haziwezi kuishusha kompyuta chini ya joto la chumba chenyewe.

Kwa hiyo kwenye kasha la bei nafuu, uso ndio wa kukagua. Uinue kuelekea mwanga. Ukiona mwanga unapenya kwenye matundu, hewa nayo itapenya. Kisha angalia kilichofichwa nyuma yake, maana baadhi ya watengenezaji huweka wavu mzuri kwa nje halafu nyuma yake wakabandika chujio zito au sponji, ukawa umenunua kioo kwa jina jingine. Chujio liwe jepesi na litoke bila bisibisi, vinginevyo hutalisafisha kamwe. Kioo cha ubavuni hakina neno. Hewa haipitii huko.

Kuhusu feni, usihesabu tu, tazama na waya zake. Nyingi za makasha ya bei ya chini huunganishwa moja kwa moja kwenye pawasaplai (boksi linalogawa umeme), kwa hiyo huzunguka kwa kasi ileile usiku na mchana, na mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote, haiwezi kuzitawala. Mimi ningechagua kasha lenye feni 1 tu nyuma, kisha ninunue 2 za pini 4 (ambazo mazabodi huweza kubadilisha kasi yake), zisizo na taa, nizifunge mbele. Zinazoingiza hewa zikiizidi kidogo inayotoa, hewa ya ndani husukumwa kwenda nje kupitia mianya midogo na vumbi hulazimika kupitia kwenye chujio. Nafasi ya feni za milimita 140 ikiwepo, itumie: hupitisha hewa ileile kwa mzunguko wa pole, na masikio yako yatakushukuru.

Vipimo sasa, na hapa ndipo watu hulia baada ya kulipa. Mazabodi ya saizi ya ATX ina milimita 305 kwa 244, ya micro-ATX 244 kwa 244. Ukiwa na hii ya pili huna sababu ya kulipia kasha kubwa. Kadi ndiyo yenye usumbufu. GeForce RTX 4090 ya NVIDIA yenyewe ina urefu wa milimita 304, na za watengenezaji wengine nyingi ni ndefu zaidi. Ule urefu unaoandikwa kwenye tangazo la kasha mara nyingi hupimwa mbele kukiwa kutupu: ukifunga radieta ya kupoza kwa maji, toa unene wake, kisha toa milimita 25 za feni. Kutoka kwenye mazabodi hadi mlango wa ubavuni napo kuna kikomo. Kipozeo cha prosesa cha Noctua NH-D15 kina kimo cha milimita 165, na makasha membamba hayafungi mlango mbele yake.

Bati bonyeza kwa kidole gumba. Likibonyea kirahisi, jiandae kusikia likitetemeka. Pawasaplai ikikaa chini na kuvuta hewa kutoka chini, miguu ya kasha iwe mirefu, na usiliweke juu ya zulia. Mengine ni mapambo.

Kabla hujatoa hela, lipime ulilonalo. Cheza gemu ileile nzito kwa nusu saa ukiwa umefunga kila kitu, andika joto la kadi na la prosesa. Kisha toa uso (au ubavu, kama uso hautoki), rudia mchezo huohuo chumba kikiwa na joto lilelile. Tofauti ikifika nyuzi 8 au 10, kasha linaisonga mashine. Zikishuka 2 au 3 tu, kasha halina kosa: zima, chomoa waya wa umeme, fungua, utazame vumbi lililojazana kwenye mapezi ya kipozeo cha kadi.