Kizunguzungu cha nusu dakika

Hapa Dar ukisema kichwa kinajaa na dunia inazunguka, jirani atakwambia presha imepanda, na duka la dawa la pale kona halitambishia. Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo. Wengi hunifikia mwisho, presha imeshapimwa mpaka mkono umechoka.

Mama mmoja muuza vitenge Kariakoo alikuja na karatasi ya vipimo vya wiki mbili. Hakuna kilichotisha. Nikamuuliza, "Mama, kikikushika kinakaa muda gani?"

"Hata dakika haifiki, daktari. Ila naona nakufa."

Na huwa anafanya nini? Akawaza. Alfajiri, akigeukia ubavu wa kulia achomoe chandarua. Dukani, akiinua uso kushusha vitenge vya rafu ya juu.

Presha haichagui ubavu. Nikamkalisha kitandani, nikamgeuza kichwa kulia nyuzi 45, nikamlaza haraka kichwa kikining'inia kidogo. Sekunde kadhaa kimya. Kisha macho yakaanza kucheza, naye akanikamata koti: "Ndiyo yenyewe hiyo!"

Ndani ya sikio mna chembe ndogo za chokaa, na mahali pake zina kazi ya kutujulisha mwinamo wa kichwa. Zikibanduka na kutumbukia kwenye mojawapo ya mifereji mitatu iliyojaa majimaji, ukigeuka tu zinayasukuma, na ubongo unaambiwa unazunguka ilhali umetulia. Dawa yake si kidonge, ni kukigeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka chembe zirudi zilikotoka. Njia hiyo aliichapisha John Epley wa Marekani mwaka 1992. Haimalizi robo saa, ingawa tatizo huweza kurudi.

Lakini mama alikuwa na shida ya pili: kichwa kujaa na macho kuingia giza, nayo ilimpata akisimama, si akigeuka. Nikampima presha amelala, kisha dakika ya 3 amesimama: namba ya juu ilishuka kutoka 126 hadi 102. Kushuka kwa 20 tu kunatosha kunishtua.

(Kichwa kinachobana kwa saa nyingi, mwanga na kelele vikikera, mara nyingi ni kipandauso. Ulimi mzito, uso kupinda, kuona viwili viwili au mkono kulegea: hospitali sasa hivi, hicho huenda ni kiharusi.)

"Mama, unakunywa dawa gani?"

Akafungua mkoba polepole. Vidonge vya presha, kaazima kwa jirani. Nikamwambia akamrudishie mwenyewe, kwani huyo ndiye mwenye presha.