Usiniambie Newala hakuna chanzo cha maji

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, safari hii na mlezi wa klabu ya mazingira: "Mwalimu, hayo mambo ya vyanzo vya maji wapelekee wa bondeni. Sisi huku juu hatuna mto." Nimezunguka shule za Newala na Tandahimba, huku mkoani Mtwara, miaka mingi, na maneno hayo nayasikia kila muhula. Nimechoka kuyajibu mlangoni mwa ofisi, nayajibu hapa.

Mto hatuna, kweli. Mvua je? Inanyesha Desemba hadi Aprili, na mchanga wa uwanda wa juu wa Makonde, huku tunakoishi, unainywa. Maji yanashuka chini kwa chini, yanatokeza kwenye chemchemi za miteremkoni na mabondeni. Visima vya Mitema, bonde la Kitangari, ndivyo vinavyosukuma maji kupanda huku kwetu. Kwa hiyo mtoto wa Newala amesimama juu ya kidakio chenyewe, yaani eneo linalopokea mvua na kulisha chanzo cha maji. Lakini nikimuuliza, ananitajia mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zile za kuacha bila shughuli kutoka ukingo wa mto, amezikariri vizuri kabisa. Mita 60 kutoka ukingo upi, mwanangu?

Na klabu nyingi zikisikia maji, zinakimbilia miche. Mti ni mzuri, ila nao unakunywa. Mkaratusi usiupande karibu na chemchemi. Yatosha.

Kinachoniuma ni ufagio. Kila asubuhi watoto wanafagia uwanja mpaka udongo unang'aa, majani yote yanachomwa. Udongo ule umekanyagwa ukawa kama sakafu. Mimi huenda na ndoo mbili za lita 10. Moja tunaimwaga uwanjani: maji yanakimbia na tope hadi njiani, na mara nyingi watoto wenyewe ndio wanaonionyesha kikorongo kilichoanza. Ya pili tunaimwaga chini ya mkorosho ambao majani yake hayajaguswa. Yanazama papo hapo. Hapo sihitaji ubao.

Mwaka jana binti wa darasa la tano akaniuliza, "Sasa mbona tusipofagia tunachapwa?" Nilimjibu mbele ya walimu wake: fagieni madarasa na njia, kwingine acheni majani. Mwalimu mkuu akasema majani yanaficha nyoka. Ana haki, watoto wanatembea peku. Tulikubaliana kuacha majani nyuma ya uzio tu, na bado sijaridhika na suluhisho hilo.

Nyumbani ni kugumu zaidi. Korosho huokotwa chini, na mkulima asiposafisha chini ya mikorosho, atazipoteza. Siwezi kumtuma mtoto akamkataze baba yake kupalilia. Namtuma aombe jambo moja: msimu ukiisha, majani yasichomwe, yarundikwe kukinga mteremko. Wapo wazazi waliokubali. Wengine wamemwambia mtoto aache kuwafundisha kazi, na siku hizo huwa najiuliza kama sijambebesha mzigo ambao ulikuwa wa kwangu kwenda kuuzungumza na baba mwenyewe.

Jumanne narudi kwa yule mlezi na ndoo zangu mbili. Nitamwomba mkorosho mmoja tu, ule wa nyuma ya jiko la shule, usifagiliwe mpaka Aprili.